Mtaro Uliogeuka Kijito: Maneno ya Kumuaga Dada Yangu, Mpimaji wa Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Meneja wa Msitu pamoja na maofisa ulioongozana nao, Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Maji na wafanyakazi wote wa kituo, Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi wangu, ambao nimewaomba mkae kimya nanyi mkaniahidi kwa vichwa tu, si kwa midomo, na wewe dada yangu, uliyekaa hapo mbele na viatu vya heshima badala ya vile vya mpira, hata nusura nisikutambue: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa upendo uleule.

Kabla sijaendelea, niseme mimi ni nani, maana wageni wengine hapa hawanijui na wanaonijua wananijua nusu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule hii. Mimi ni mdogo wake huyu anayestaafu leo, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote na alikuwa akivuta shuka. Na mimi ndiye mke wa mhandisi wa barabara za msituni, yule mnayemwita Greda, aliyekaa safu ya pili akijifanya anasoma ratiba. Kwa hiyo nikisema barabara, nasema nyumbani kwangu. Nikisema maji, nasema damu yangu. Na nikisema shule, nasema kazi yangu. Mtaona ni kwa nini kwa muda fulani nilikuwa sipati usingizi.

Dada yangu alianza na maji mapema. Siku moja, tukiwa bado wasichana wadogo, mvua ilinyesha, naye akaziba mfereji wa uani kwa matope na matambara ili aone maji yatakwenda wapi. Yalikwenda jikoni. Mama yetu, Mungu amrehemu, alitoka na mwiko mkononi, miguu imelowa, akauliza, "Nani kafanya hivi?" Mtu mwingine angekimbia. Huyu akajibu, "Mama, subiri kidogo, bado yanapanda." Alichapwa, tena vizuri. Lakini nawauliza, ndugu zangu, ni watoto wangapi wanaochapwa huku shingo wameigeuza waone kina cha maji?

Akasoma, akafaulu, akaajiriwa Kituo cha Utafiti wa Maji, na baada ya kuzunguka vituo vingi akahamishiwa hapa kwetu. Wanafunzi wakamwita Mama Kipimo. Mabonde mawili ya kilima hiki mnayajua. Ni kama mapacha: msitu uleule, udongo uleule, mteremko uleule. Kijito cha bonde la kwanza kinapita hapa nyuma ya jiko letu. Cha bonde la pili kinashukia upande wa kinu cha nafaka. Kituo kilikuwa kikipima vijito hivyo kwa miaka mingi, kila kimoja kikiwa na ukuta wake mdogo wa zege wenye pengo katikati, na maji yakipita pale yanajulikana ni kiasi gani. Mvua ikinyesha, vilikuwa vikipanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaotembea wameshikana mikono.

Kisha ikaja barabara.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani barabara ile ilikuwa balaa. Hapana! Siku ilipofunguliwa tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Magogo yaliyokuwa yakiburutwa sasa yalipanda lori. Vijana walipata kazi. Mama mjamzito wa kule juu, ambaye zamani angebebwa kwa machela, alifika zahanati amekaa kwenye kiti cha mbele kama bibi mkubwa. Barabara ilizunguka bonde la kwanza, bonde letu, ikichongwa ubavuni mwa kilima, na upande wa ndani ilichimbiwa mtaro mrefu ulionyooka. Mume wangu aliupenda mtaro ule. Alinipeleka kuuona, Jumapili, mimi nimevaa gauni jipya. Wanawake wengine hupelekwa matembezi ya bustani.

Msimu wa mvua uliofuata, kijito chetu kikabadilika tabia. Zamani mvua ya milimani ilikuwa ikitufikia taratibu. Maji yalipanda kwa heshima, yakatuama, yakashuka. Sasa yalikuja kwa pupa, kama mtu aliyefukuzwa. Mpishi wetu, ambaye ana maneno kuliko mimi, alisimama mlangoni pa jiko akaona sufuria zake alizoanika ukingoni zinaondoka moja baada ya nyingine. Akazifuata akipiga kelele, "Rudini! Rudini nyie!" Tulicheka sana siku ile. Hatukujua kinachofuata.

Kilichofuata kilikuja mchana, jua linawaka hapa shuleni. Mvua ilikuwa juu milimani tu. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakivuka daraja letu la miti kurudi nyumbani, wakiwa wamepanga mstari. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akiwavusha, alisikia mngurumo, akageuka, akaona maji yanakuja na matawi na matope. Wote walikuwa wameshavuka ila msichana mmoja, yuko katikati, anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu hakuita. Alirudi mbio juu ya zile mbao, akamkamata kwa sweta, akamtupa ng'ambo kwa wenzake, naye akaruka nyuma yake. Daraja likaondoka. Msichana akasimama na kiatu kimoja, akasema, "Mwalimu, sweta langu umelivuta." Mwalimu wa hesabu, mtu asiyelia, alikaa chini kwenye matope akalia.

Yule msichana yuko hapa leo. Yuko darasa la sita, amekaa safu ile na anaona aibu. Kaa na aibu yako, mwanangu, sisi tunakutazama tukishukuru.

Mkutano wa wazazi ulioitishwa baada ya pale haukuwa mkutano, ulikuwa moto. Nusu walitaka shule ifungwe na watoto wapelekwe shule ya mbali. Nusu walitaka barabara ifungwe. Wengine walisema mvua ya siku hizi imeharibika, na mume wangu alikuwa kati ya hao. "Mvua imeongezeka," alisema. "Barabara haina maji. Barabara ni udongo na kokoto." Mfanyabiashara wa mbao akamuunga mkono, mama mwenye nyumba kando ya kijito akamrukia, na mimi niliyekuwa mwenyekiti wa siku ile nikabaki nagonga meza kama mpiga ngoma.

Dada yangu alinyanyuka kutoka nyuma. Hakupaza sauti. Alisema, "Shemeji, mvua imeongezeka upande mmoja tu wa kilima?"

"Maana kijito cha kule kwenye kinu kinapokea mvua ileile," akasema, "na hakijabadilika. Kilichobadilika ni hiki chetu. Sasa naomba jambo moja. Msifunge shule. Msifunge barabara. Nipeni misimu miwili nijue kwa hakika, kisha mwamue."

Wazazi walikubali, nao wakapokezana kuwavusha watoto kwa njia ya mzunguko kule chini. Na mimi nikaingia katika misimu miwili ambayo nyumba yangu haikukalika. Mume wangu na dada yangu ni mashemeji wa utani tangu siku ya posa. Lakini mezani kwangu sasa chumvi ikiombwa, inaombwa kupitia kwangu. "Mwambie shemeji anipe chumvi, kama haijapita kwenye mtaro." "Mwambie dada yako chumvi ipo, aje aipime." Watoto wetu walikuwa wakila huku wanazungusha vichwa kama watazamaji wa mpira.

Na yeye alipima. Mvua ikianza, wengine tunaingia ndani; yeye anatoka. Nilimwona anapita hapa na koti lake refu, kofia imemwangukia machoni, anapanda kilimani kana kwamba ameitwa harusini. Alichokiona ni hiki, nami nitakisema kama alivyonifundisha. Mvua ileile ikinyesha juu ya mabonde yote mawili, kijito cha kinu kilikuwa kikipanda polepole. Chetu, chenye barabara, kilikuwa kikiwahi, na kilikuwa kikipanda juu zaidi. Wale mapacha walikuwa wameachiana mikono.

Nilimuuliza, "Sasa barabara inatoa wapi maji?" Akasema, "Haitoi. Inayaharakisha." Mvua ya msituni huangukia majani makavu, ikazama kwenye udongo laini, ikatembea chini kwa chini bila haraka mpaka kijitoni. Barabara imeshindiliwa, hainywi maji. Yanateleza juu yake. Na pale kilima kilipochongwa, yale maji yaliyokuwa yakitembea ardhini taratibu yanatokezea ukutani, yanadondokea mtaroni, na mtaro unayakimbiza moja kwa moja hadi kijitoni. "Mdogo wangu," aliniambia, "mumeo amechimba kijito kipya bila kujua."

Nikamuuliza tena, maana nilitaka kumaliza ubishi, "Basi na kiangazi, maji yakipungua, si barabara pia?" Ingemfaa sana kusema ndiyo. Wazazi wangemshangilia. Akatikisa kichwa. "Hilo vipimo vyangu havijaniambia. Siwezi kulisema." Waheshimiwa, nimekaa kwenye mikutano mingi. Ni mara ngapi mmemsikia mtu aliyekuwa anashinda akikataa kuongeza neno la kumzidishia ushindi?

Mume wangu hakusadiki. Akasema maji ya mtaro wake yanazama ardhini kabla hayajafika popote. Dada yangu akasema, "Basi tuweke rangi." Kuna rangi ya kijani wanayotumia wapimaji, haimdhuru mtu wala samaki. Wakawekeana dau: rangi ikimwagwa mtaroni juu kilimani wakati wa mvua, isipofika shuleni, dada atapakua maharage kwa wanafunzi wote, amevaa ile aproni ya kijani ya mpishi. Ikifika, atapakua shemeji.

Siku ya mvua wakapanda wote wawili na gari la msitu. Mimi nikabaki ukingoni na darasa la tano, chini ya miamvuli, tukitazama maji ya kahawia. Tulikuwa bado tunabishana nani amesukuma nani, mara msichana mmoja akapiga yowe. Kijito kilikuwa cha kijani! Si kijani cha kubahatisha. Kijani cha bendera! Watoto waliruka, miamvuli ikaenda hewani. Mpishi alitoka jikoni, akatazama, akashika kichwa. "Mwalimu Mkuu! Maji yameoza!" Ilibidi tumshike asimwage mtungi mzima wa maji ya kunywa.

Nikampigia mume wangu simu.

"Baba watoto, kijito kimevaa sare."

"Sare gani?"

"Kijani."

"Kijani kama majani, au?"

"Kijani kama aproni, mume wangu. Mpishi anaifua sasa hivi."

Alipakua. Mliosoma hapa wakati ule mnakumbuka. Alipakua kwa kipimo cha kihandisi, kila sahani sawasawa, mpaka foleni ikafika getini na watoto wakaanza kuimba.

Lakini yaliyotokea kule juu, kabla hajashuka kuja kuvaa aproni, ndiyo ninayotaka Mgeni Rasmi ayasikie. Mvua ilikuwa imekatika. Dereva alikuwa amewasha gari. Mume wangu hakupanda. Alisimama barabarani akiutazama ule ukuta wa udongo aliouchonga mwenyewe. Mvua imekwisha, mbingu nyeupe, na ukuta bado unatoa maji, unatiririka kila mahali, na mtaro wake mzuri ulionyooka unayachukua yote unashuka nayo. Alishuka kwa miguu kando ya mtaro ule kutoka juu hadi chini, na dada yangu nyuma yake. Ameniambia kwamba shemeji yake hakumcheka. Hakusema "nilikuambia". Kila alipouliza swali, alijibiwa swali hilo tu. Na walipofika mahali mtaro unapoingia kijitoni, mume wangu akasema, "Hapa ndipo nilipowatumia watoto maji." Naye akamjibu, "Hukujua, shemeji. Sasa tuyatume wapi?"

Tuyatume wapi! Neno hilo la "tu" liliokoa shule hii.

Kwenye mkutano uliofuata wazazi walikuja wamekaza nyuso, tayari kuifunga barabara. Mume wangu akasimama mbele yao, amevua kofia. "Barabara nimejenga mimi," akasema. "Maji haya nimeyaelekeza mimi. Mkifunga barabara, wagonjwa watarudi kwenye machela, na ukuta ule utaendelea kutoa maji vilevile. Nipeni nafasi niyaelekeze upya, na Mama Kipimo anisimamie. Nikikosea tena, nifungeni mimi." Yule mama mwenye nyumba kando ya kijito, aliyekuwa mkali kuliko wote, akauliza, "Na huyo shemeji yako hatakuonea haya?" Ukumbi mzima ukacheka, dada yangu akajibu, "Mwulizeni juu ya maharage."

Wakafanya kazi. Meneja wa Msitu wa wakati ule alisita, akasema barabara ni nzima, ya nini kuichokonoa. Ni mume wangu aliyekwenda ofisini kwake kumtetea shemeji yake, na hakutoka mpaka akapewa greda pamoja na vijana wa kazi. Mtaro mmoja mrefu ukakatwa vipande vingi. Kalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, zikawekwa kwa kukaribiana, na kila moja ikawa inamwaga maji yake msituni, juu ya majani makavu, mbali na kijito, yazame yatakavyo. Mahali pengine barabara yenyewe ikainamishwa kidogo upande wa bondeni, maji yavuke yatawanyike. Na kibarabara kimoja cha pembeni, ambacho malori yalikwisha kukiacha, kikachanwa kwa meno ya greda, kikapandwa nyasi na miche. Nilikwenda kukiona. Mume wangu alikuwa juu ya greda, anabomoa alichokijenga, anapiga mluzi.

Je, maji yalitulia kwa siku moja? La. Msimu uleule ilikuja mvua kubwa, ile iliyong'oa mabati ya soko. Kijito chetu kikafurika. Na cha kinu, kisicho na barabara yoyote, kikafurika vilevile. Mume wangu alirudi nyumbani amelowa mpaka kwenye soksi lakini uso unameta. "Shemeji! Umeona? Vyote viwili!" Dada yangu, aliyekuwa kwetu siku ile, akamwekea chai. "Nimeona, na ni kweli. Mvua ya namna ile haitafuti barabara, inafurisha kila kitu. Hizi za kawaida ndizo tunazoweza kuzipunguzia mbio." Dada akanywa yake kidogo, akaongeza, "Kwa hiyo daraja jipya liwe juu zaidi." Ndiyo maana daraja letu la sasa ni refu la miguu kama ndege korongo. Wageni mliokuwa mkishangaa, jibu ndilo hilo.

Dada yangu, leo unakabidhi vipimo vyako kwa mikono mingine. Wanaokurithi wamenieleza kwamba uliwafundisha kupima, lakini zaidi uliwafundisha kusema "sijui bado" bila kuinamisha kichwa. Wahandisi wa misitu mingine wanakuja sasa kuitazama barabara yetu kabla hawajachora zao, na anayewatembeza ni shemeji yako, ambaye nasikia huwaeleza kana kwamba mambo yote aliyabuni mwenyewe. Mwache. Mimi namrekebisha nyumbani.

Na kwa wale wanaouliza atakwenda wapi: anahamia kwetu. Chumba kipo. Mume wangu amekitengenezea bomba jipya la kukusanya maji ya paa, amelifanya kwa siri kama zawadi. Juzi dada alikuja kukiona chumba. Hakutazama dirisha, hakutazama kitanda. Alitazama paa, akasema, "Shemeji, hili bomba limeinamia wapi?" Wameanza upya. Niombeeni.

La mwisho, halafu nikae. Mwezi uliopita mvua ilinyesha milimani, mvua nzuri, nzito, ya kawaida. Ilikuwa saa ya kuwatoa watoto wa darasa la kwanza. Nilishuka darajani mwenyewe, kama ninavyofanya kila mara, moyo ukidunda. Nikamkuta dada yangu amesimama pale na koti lake, hakuniambia kwamba atakuja. Maji yalikuwa yamepanda kiasi, yakipita chini ya mbao kwa nafasi, hayana haraka. Watoto wakaja. Walikuwa wakigombana, wawili wanadai kalamu moja, mmoja anaimba, mwingine anamwonyesha mwenzake jino linalocheza. Wakavuka. Mpaka wa mwisho wao. Wakapotea kwenye kona na kelele zao.

Nikamgeukia dada yangu, machozi yananidondoka, siwezi kuyazuia. Akasema, "Mdogo wangu, nini tena?"

Nikamwambia, "Hakuna hata mmoja aliyetazama maji."

Akanishika mkono. Tukakaa pale pale darajani, mwalimu mkuu na mtafiti, miguu inaning'inia, mpaka mpishi akaja kutuuliza kama tumefukuzwa kazi.

Dada, umefanya kazi nzuri hata watoto hawajui kama kuna kazi iliyofanyika. Sisi wakubwa tunajua. Kwa niaba ya shule, ya wazazi, ya nyumba yetu, na ya yule bwana wa safu ya pili ambaye sasa ameweka ratiba chini na anajifuta macho: ahsante. Pumzika, lakini usipumzike mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu nyote, mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko niliouomba, nami nawashukuru kwa moyo wangu wote. Asanteni sana.